Trekta Jekundu na Mgongo wa Baba Mkwe

Jumapili, Novemba 3

Nimeanza daftari hili kwa sababu furaha yangu imezidi watu wa kuwasimulia. Mama yuko Mbeya, na kila nikiwa na neno tamu yeye amelala. Basi nitakuwa nakuambia wewe, daftari.

Neno tamu la leo ni hili: mume wangu Elkanah amenishika mikono yote miwili jikoni, koti hajavua, akasema, "Bupe, tunanunua trekta!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Maharusi wenzangu wanaahidiwa mikufu na safari za Zanzibar. Mimi nimevuka bahari nzima kuja kununuliwa trekta, na ningependa mtu aniambie kwa nini moyo unanidunda hivi.

Sababu ya trekta ni theluji. Nyumba yetu iko nje kidogo ya mji wa Upper Marlboro, kwenye njia ya changarawe ambayo ni mali ya wenye nyumba. Magari ya kaunti ya kusukuma theluji yanaishia kwenye lami, humu hayaingii. Nyumba ziko nne, na ya mwisho kabisa, ng'ambo ya kilima, ni ya Mama Genoveva, mjane kutoka Bukavu ambaye figo zake zimekataa kazi. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa gari la wagonjwa linakuja kumchukua kwenda kusafishwa damu. Mwaka jana njia ilizibwa na gari likashindwa kupanda kilima. Walipomfikia alikuwa amevimba uso na pumzi inamkatika.

Leo baada ya ibada kule Riverdale Park, Elkanah alimwinamia akamwambia, "Mama, mwaka huu utatoka. Theluji inyeshe isinyeshe, utatoka. Nakuahidi."

Mama Genoveva akamtazama, akanigeukia mimi. "Bibi harusi, umeshikia ahadi yake? Maana siku ile nitakuita weye."

Nikasema nimeishikia. Nani kama mume wangu!

Jumatano, Novemba 6

Sijaandika habari za Mzee, na lazima niziandike, maana tunaishi naye nyumba moja na sijawahi kumwona uso.

Mzee ni baba yake Elkanah. Amekuja kukaa nasi hadi Aprili. Sisi ni Wanyakyusa, na kwa desturi ya zamani mke hakutani na baba mkwe wake: hawatazamani, hawaongei, na mke hatamki jina lake. Wengi siku hizi wameiacha, hata dada zangu. Mzee hajaiacha, na mama yangu alinionya kabla ya ndege: "Mkwe ni kama jua. Ota joto lake, usimkazie macho."

Kwa hiyo Mzee anakaa vyumba vya chini, vyenye mlango wake wa nje. Akitaka kupanda anakohoa mara mbili, nami naingia chumbani. Chakula nakiweka juu ya ngazi, nagonga, naondoka. Sahani inarudi imeoshwa. Namjua kwa kikohozi, kwa viatu vyake vya mpira mlangoni, na kwa harufu ya tumbaku. Kwa kweli namwogopa.

Lakini ndiye mjuzi wetu wa matrekta. Aliendesha trekta la mashamba ya chai Rungwe tangu ujana hadi kustaafu.

Ijumaa, Novemba 8

Mvua. Nimepika ndizi. Elkanah amekula sahani mbili na kunibusu shingo.

Jumanne, Novemba 12

Elkanah akiwa kazini mimi naangalia video za watu wanaosukuma theluji. Nimeangalia nyingi mno, mume wangu ananiita Injinia. Sijawahi kuikanyaga theluji, basi kila kitu kwangu ni swali. Ina uzito? Inalia ukiikanyaga? Ikishakuwa rundo huenda wapi?

Nimegundua mambo mawili. La kwanza: karibu kila trekta linalosukuma vizuri limefungwa sanduku zito nyuma, la mchanga au zege. La pili: kwenye njia ya changarawe bamba la mbele, lile la kusukumia theluji, haligusi chini. Linaachwa juu kidogo, kama upana wa vidole viwili, ama sivyo unazoa kokoto zote.

Nimemwambia Elkanah amfikishie Mzee. Amesema, "Nitamwambia, malkia wangu."

Jumamosi, Novemba 16

Siku ya kuchagua! Tulikwenda kwenye uwanja wa matrekta yaliyotumika. Mzee alikaa mbele na Elkanah, mimi kiti cha nyuma, khanga imefunika kichwa na uso, natazama dirishani njia nzima. Tulipofika Mzee akashuka, mimi nikabaki garini, na mume wangu akawa anakimbia kati yetu kama mbeba barua.

Yalikuwepo mawili tuliyoyaweza. Moja dogo, la rangi ya chungwa, magurudumu yote manne yanavuta. La pili kubwa, jekundu, zee kidogo, magurudumu ya nyuma yamenizidi kimo, kashata za tairi, yale matuta ya kushika ardhi, zimechimbika kama mitaro. Niliona mkono tu wa Mzee, ukipapasa ile tairi kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mahari.

Elkanah akaja mbio. "Mzee anasema jekundu. Anasema hilo hata tope la masika halilikwamishi."

"Muulize, theluji ni tope?"

Akaenda. Akarudi. "Anasema kitu kinachoteleza ni kitu kinachoteleza."

Hapo hata mimi nilikubali, daftari. Nimekulia kwenye mvua za Mbeya. Najua gari likikwama ni kashata zimeisha. Nikasema, "Haya, jekundu. Lakini umemweleza habari ya sanduku la nyuma na bamba?"

Akaenda, akakaa kidogo, akarudi anatabasamu. "Amesema sawa."

Basi trekta ni letu! Elkanah alinibeba akanipandisha kwenye kiti chake wakati Mzee yuko ofisini kwa muuzaji. Nilishika usukani nikajiona naendesha maisha yetu yote.

Jumapili, Novemba 24

Gitau amekuja kuliona. Ni Mkenya, tunasali naye, ana pikapu yenye bamba na kila theluji ikianguka anasafisha viegesho vya maduka Rockville. Alilizunguka trekta mara mbili akitafuna karanga.

"Shemeji, hii kitu ni noma. Mnapanda viazi lini?"

Elkanah akanuna. Mimi nikamuuliza Gitau ana maana gani, akasema, "Aki siko na maneno. Snow ndiyo itaongea."

Jumatano, Desemba 25

Krismasi bila theluji. Nilimfumia Mzee skafu ya kijani nikaiweka juu ya ngazi. Asubuhi nimekuta pale kijiko cha mti, kimechongwa vizuri, mpini wake una jani la chai. Sikujua kwamba alikuwa anachonga. Nimekaa nacho mapajani muda mrefu, nikijiuliza ananiwaza vipi mtu asiyewahi kuniona.

Jumatatu, Januari 6

Imekuja.

Nilifungua pazia na dunia ilikuwa haipo. Nilitoka na ndala! Inalia, daftari, inalia kama unatafuna sukari guru. Nikaiweka ulimini: haina ladha yoyote, ina baridi tu na kama harufu ya chuma. Elkanah alinirushia donge mgongoni, tukacheka kama wehu. Sitausahau mwanzo wa siku hii. Mwisho wake natamani niusahau.

Mzee alikohoa, nikaingia ndani, nikachungulia kwenye pembe ya pazia. Skafu ya kijani shingoni! Trekta likawaka, likanguruma kwa fahari, likaanza kusukuma. Kwenye tambarare lilikwenda, ila nilisikia sauti mbaya, kama mtu anakwangua sufuria. Bamba lilikuwa chini kabisa, kama jembe. Kokoto zilikuwa zinaruka majanini pamoja na theluji. Mzee alikuwa analima njia!

Lilipofika kilimani mambo yaliharibika. Mzigo ulijaa mbele, nyuma pakawa pepesi, na yale magurudumu makubwa yakazunguka pale pale. Zile kashata zilijaa theluji zikawa laini kama machungwa. Trekta likarudi nyuma taratibu, likiwa limekaa upande, hadi mtaroni.

Gari la wagonjwa lilifika, likasubiri, likageuza.

Nilimpigia Mama Genoveva mwenyewe. Alisema, "Si kitu, maman. Nitakunywa maji kidogo tu, nitangojea." Ndiyo neno lililoniumiza, kwamba ananifariji yeye.

Gitau alifika jioni kutoka Rockville, macho mekundu, akafungua njia na kulivuta trekta. Hakufanya mzaha hata mmoja. Mama Genoveva amepatiwa nafasi kesho.

Nilimuuliza Elkanah, "Mzee alisema sawa kuhusu sanduku na bamba. Mbona hakufanya?"

Mume wangu alitazama viatu vyake. "Sikumwambia hasa. Nilimwambia, Bupe amelipenda trekta. Akasema sawa."

"Kwa nini?"

"Ungeonekana unamfundisha baba mkwe wako. Sikutaka akuone vibaya."

Nimeandika haya nikiwa nimemgeuzia mgongo kitandani. Ni mara ya kwanza.

Jumanne, Januari 7

Mama Genoveva amesafishwa. Amerudi amechoka lakini anacheka. Namshukuru Mungu.

Jumamosi, Januari 18

Elkanah amenunua sanduku la chuma la kufunga nyuma ya trekta na mifuko michache ya mchanga. Haijatosha kulijaza. Atamalizia wiki ijayo, anasema. Amenipikia chai ya tangawizi na kuniletea kitandani. Nimemsamehe, ni mzuri mno kushindana naye. Ila sasa kila akisema "Mzee anasema", najiuliza Mzee amesema nini.

Alhamisi, Januari 30

Mchanga bado. Mafua.

Jumanne, Februari 11

Theluji kubwa imetangazwa. Hospitali imemwomba Elkanah alale huko huko, kama wauguzi wengine wa zamu. Gitau yuko Rockville hadi kesho mchana. Theluji ilianza alasiri, chembe kubwa, nzito, zinaanguka zimenyooka. Nimebana donge: limeshikana kama ugali. Ile ya Januari ilikuwa inamwagika mkononi. Kumbe theluji nazo zina kabila.

Mama Genoveva amepiga simu. "Bibi harusi, kesho Jumatano. Nakuita weye."

Jumatano, Februari 12

Nina mengi. Ngoja niandike polepole.

Asubuhi kulipopambazuka nilisikia trekta limewaka. Elkanah kazini, kwa hiyo ni Mzee peke yake. Nilichungulia: skafu ya kijani imekwenda, ikafika chini ya kilima, ikarudi nyuma ikiteleza. Ikajaribu tena. Ikateleza. Mzee akazima injini, akakaa juu ya kiti bila kusogea, mgongo umeinama. Nilielewa mgongo ule. Gari la wagonjwa huja saa tatu.

Nilikuwa na njia mbili: kukaa chumbani kama mkwe mwema na Mama Genoveva avimbe, au kutoka. Nilivaa makoti mawili, nikajifunika khanga kichwani hadi puani, nikatoka kinyumenyume. Ndiyo, kinyumenyume, njia nzima, nimempa mgongo. Nilianguka mara moja.

Nilipofika karibu nikasimama. Mtu haongei na mkwe wake. Lakini trekta si mkwe wa mtu. Nikasema kwa sauti:

"Trekta, nyuma yako ni kwepesi. Sanduku lako halijajaa."

Upepo tu. Kisha sauti nzito, ambayo sikuwahi kuisikia bila ukuta katikati:

"Trekta, mwambie anayesema, mchanga umeisha."

"Trekta, ndani kuna gunia la mchele, lingine la maharage, na vyuma vya mazoezi vya mtu fulani ambaye hajawahi kuvinyanyua."

Nikasikia kitu. Nadhani alicheka, akakifanya kikohozi.

Tulivibeba kwa zamu, mmoja akienda mwingine ametazama msitu. Gunia la mchele nililiviringisha kama pipa. Sanduku likapata uzito, lakini ukingo wake wa juu ulibaki na nafasi ya kukaa mtu. Tukapatazama pale, kila mmoja kwa zamu yake.

Mzee akasema, "Trekta, ukipata mtu hapo nyuma, utapanda. Lakini asiwe mtu wa kuogopa."

Nikapanda. Nilikaa juu ya maharage, miguu ndani ya sanduku, mikono kwenye vyuma vya pembeni, uso wangu kule tulikotoka. Yeye uso wake kule tuendako. Mgongo kwa mgongo, daftari, nikihisi joto lake kupitia makoti. Na mwiko hatukuuvunja hata kidogo!

Tukaenda polepole kama mbuzi wa mimba. Na mimi kule nyuma nilikuwa naona jambo ambalo yeye hakuweza kuliona: njia aliyoiacha.

"Trekta, unakula changarawe. Inua vidole viwili."

Bamba likainuka. Nyuma yetu pakabaki utandu mweupe, mwembamba, kokoto zimelala mahali pake.

"Sasa?"

"Sasa vizuri, Trekta."

Chini ya kilima akasimama. "Trekta," akasema, "niulizie jambo. Kabla hatujakununua, nilimwambia mwanangu amuulize mkewe, huko kwenye video zake wanaweka nini nyuma. Maana kule kwenye chai tulikuwa tunajaza maji tairi za nyuma kwa ajili ya milima, na hapa niliogopa yataganda. Nikajibiwa mkewe hajui mambo hayo."

Nikasema, "Trekta, mkewe hakuulizwa. Naye aliagiza neno la sanduku na la bamba. Lilifika?"

"Halikufika."

Injini ilitetema chini yetu. Wawili tuliokuwa na nusu nusu ya jibu, na katikati yetu mtu mmoja anayetupenda sana.

Mzee akasema, "Trekta, shikilia. Tunapanda."

Lilikwaruza, likayumba kushoto. Nilipiga kelele, sijui nilimwita nani. Magurudumu yakazunguka mara moja, mbili, nikajirudisha nyuma kwa uzito wangu wote hadi kisogo changu kikagusa skafu yake, na yakauma! Yaliuma ardhi, daftari, niliyasikia. Tukapanda kilima tukisukuma ukuta mweupe, na kileleni niliona njia yetu yote hadi kwenye lami, nyeusi na nyeupe, imenyooka.

Mama Genoveva alikuwa amekaa mlangoni, mkoba mapajani. "Mungu wangu! Bibi harusi nyuma, beau-père mbele! Munaenda kanisani ao munatoka?" Baba mkwe, kwa Kifaransa chake, ni beau-père.

Gari la wagonjwa lilipanda bila kuteleza. Alinipungia kioo kikiwa wazi.

Kurudi, Mzee aliendesha taratibu kuliko ilivyohitajika. Akaniuliza, kupitia Trekta, kwa nini theluji ya leo ni nzito. Nikamweleza habari za ugali. Akasema kule Rungwe hata ukungu uko wa namna nyingi, na kuna mmoja unaosikika. Nilitaka kujua unasikikaje. Alinieleza hadi tulipofika uani.

Ijumaa, Februari 14

Elkanah amerudi na maua mekundu. Alishaona njia. "Nani alimwambia Mzee habari za bamba?"

Nikajibu, "Trekta."

Akashuka chini kumuuliza baba yake. Nikasikia kutoka chini ya sakafu: "Trekta."

Alipopanda alikuwa amejua. Nilimwambia kila kitu, na sikumgeuzia mgongo. "Mpenzi, ulikuwa unatuchuja kama chai. Majani ukayatupa, ukatuletea maji ya moto."

"Nilitaka mpendane," akasema.

"Tungependana kwa maneno yetu wenyewe."

Alilia kidogo. Nilidhani nimeolewa na mtu asiye na kasoro, na nilimpenda hivyo. Leo nimeiona kasoro yake na nimeishika mkononi kama donge la theluji, na kumbe bado nampenda, labda zaidi. Maua nimeyaweka kwenye jagi.

Jumatano, Februari 19

Theluji kidogo. Tumetoka, mimi nyuma. Mama Genoveva amekwenda na kurudi.

Jumamosi, Machi 22

Mzee anaondoka mwezi ujao, na Elkanah alitaka tubadilishe trekta kabla hajaenda, ili mwakani tusihangaike. Tulirudi kwenye uwanja ule ule. Safari hii kulikuwa na sharti moja, na nililitoa mimi: Elkanah haruhusiwi kupeleka neno la mtu. Alisimama kando, mikono mifukoni, kama mwanafunzi aliyetolewa nje.

Muuzaji alituonyesha trekta la kijani, na lazima niseme ukweli, lilinivutia. Magurudumu manne yanavuta. Bamba linageuka kwa kitufe. Lina kibanda cha kioo chenye joto ndani, na kiti kinachonesa. Nililizunguka upande wa kulia, Mzee upande wa kushoto, trekta katikati yetu. Nilipapasa kila kitu. Nikauliza maswali hadi muuzaji akachoka.

"Trekta," nikasema mwishoni, "una kila kitu."

Niliona viatu vya mpira vya Mzee upande wa pili, kati ya magurudumu, vikienda hadi nyuma ya kibanda na kusimama pale. Akakohoa mara mbili.

"Trekta, wewe ni zuri, na joto unalo," akasema. "Lakini wa nyuma atakaa wapi?"

Elkanah alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Mimi nilijifuta macho kwa khanga. Muuzaji alitutazama, hakuelewa kwa nini tunamshukuru na kuondoka.

Njiani tulisimama dukani. Tulinunua minyororo ya tairi, mchanga wa kutosha, na mto wa kukalia.